Kusimama Kimya Nako ni Kazi



Ulizo la mwezi huu linatoka ku midomo ya wengi. Tangu mapatano ya mwaka 2008 yaliyozaa kampuni ya Sicomines kule Kolwezi, Wachina wengi wamekuwa majirani wetu katika miji ya migodi. Na yule anayeamka mapema anaweza kuona jambo la kushangaza. Mtu mzima, mwenye akili yake, anasimama nje ya nyumba, anainua mikono polepole, anageuza kiuno, anapeleka mguu mbele bila haraka. Kiisha anasimama kimya, dakika mingi, sawa vile mtu aliyesahau pahali alikuwa anaenda. Vijana wanacheka: "Ule anapigana na upepo!" Wengine hawacheki, wanaogopa, wanafikiri ni dawa za kwao.

Hapana, si vita na upepo, wala si dawa. Ni mazoezi ya mwili ya watu wa China, na yana miaka zaidi ya elfu mbili. Wanayaita kwa jina la jumla chigongu, na namna moja inayojulikana sana inaitwa taichi. Nataka tuyaangalie vizuri, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sisi watu wa migodi tunalihitaji: namna ya kupima mwendo na kimya.

Kwetu mambo haya mawili yameachana kabisa. Baba anafanya posti ya usiku, anabeba, anasukuma, anapanda, anashuka. Asubuhi anafika mu lupango, anaanguka ku kitanda na viatu vyake. Mwingine anaendesha kamyo siku nzima, mgongo unakauka ku kiti, na jioni anakaa tena mbele ya televizyo. Wa kwanza ana mwendo bila kimya, wa pili ana kukaa bila mwendo, na wote wawili wanalia mgongo! Sisi tunafikiri kazi na pumziko ni kama mchana na usiku: moja ikiingia, nyingine inatoka. Wachina wa zamani walifikiri namna nyingine. Walisema ndani ya mwendo weka kimya, na ndani ya kimya weka mwendo.

Maneno haya yanaonekana kuwa fumbo. Lakini wewe mama unayachezea kila siku. Angalia namna unavyobeba ndoo ya maji kichwani. Miguu inatembea, kiuno kinageuka, mkono unamshika mtoto, lakini shingo imetulia na maji hayamwangiki. Hicho ndicho kimya ndani ya mwendo. Sasa angalia nyungu ya maharagi ku makala, kifuniko juu. Ukiwa mbali unasema nyungu imetulia, haifanyi kitu. Gusa uone! Ndani kunachemka. Huo ndio mwendo ndani ya kimya.

Tuanze na historia kidogo, hatutakawia. Mwaka 1973, karibu na mji wa Changsha, wenye elimu ya mambo ya kale walichimba kaburi moja pahali panapoitwa Mawangdui. Kaburi lilifungwa mwaka 168 mbele ya Kristo. Ndani walikuta kitambaa cha hariri chenye picha 44 za watu wanaofanya mazoezi: wanaume na wanawake, vijana na wazee, wengine wamevaa vizuri, wengine mgongo wazi. Mmoja ameshika fimbo. Ku picha nyingine kuna maneno madogo yaliyoandikwa kando: hapa jina la nyama, kama dubu au nyani, pale jina la ugonjwa, kama maumivu ya goti. Basi hata wakati ule mtu alijua kwamba goti linalouma haliombi kulazwa tu.

Karibu miaka mia nne nyuma ya pale, kulikuwa munganga mmoja mwenye sifa kubwa, jina lake Hua Tuo. Aliuawa karibu ya mwaka 208 kwa amri ya Cao Cao, mkubwa wa vita ambaye alikuwa mgonjwa wake. (Kuwa munganga wa wakubwa si kazi ya usalama.) Hua Tuo aliacha mazoezi yanayoitwa Mchezo wa Nyama Watano: chui mkubwa wa China, kulungu, dubu, nyani na ndege. Mwanafunzi wake Wu Pu aliyafuata, na vitabu vya historia vya China vinaeleza kwamba alipita miaka 90 akiwa na macho mazuri, masikio mazuri, na meno yake yote. Lakini mimi ninachopenda zaidi ni kipimo ambacho mwalimu alimpa. Alimfundisha kwamba mwili unataka kutumika, ila mtu asiutumikishe mpaka mwisho wa nguvu zake. Akampa mfano wa bawaba ya mlango: kwa sababu inageuka kila siku, haiozi.

Ona, ndugu, ule munganga hakusema pumzika. Hakusema vilevile jikaze mpaka uanguke. Na katika nyama wake watano, nyani anaruka na kugeuza macho huku na huku, lakini dubu anatembea na uzito wake wote chini, polepole, kama mzee anayerudi ku shamba. Mtu anayefanya mchezo ule anapita toka ule mmoja mpaka ule mwingine, na katikati anasimama kidogo, pumzi irudi pahali pake.

Sasa tufike ku taichi yenyewe, ambayo ndiyo vijana wanacheka. Walio wengi kati ya wenye kujua historia wanasema ilitoka katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, katika karne ya 17, kwa mtu wa vita aliyeitwa Chen Wangting. Yang Luchan (1799–1872) aliijifunza kule, akaipeleka Beijing, na toka pale ikaenea. Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa namna fupi yenye mikao 24, kusudi watu wote waweze kuijifunza, na mwaka 2020 UNESCO iliandika taichi katika orodha ya mali ya utamaduni wa dunia. Kwa hiyo vijana, yule jirani anayepigana na upepo anafanya mchezo wa vita. Msimjaribu.

Kwa nini polepole hivi? Jaribu mwenyewe leo jioni, mlango ukiwa umefungwa kama unaona haya. Piga hatua ya haraka: mguu unajitupa, mwili unaufuata, haujui hata namna ulivyofika. Sasa piga hatua ileile ukihesabu mpaka kumi. Inapashwa uzito wote ukae ku mguu mmoja mbele ya kuinua ule mwingine, goti likunjike, kiuno kishike, kisigino kiguse udongo kwanza. Mapaja yanaanza kuwaka moto! Wachina wanaita mguu mmoja "uliojaa" na mwingine "mtupu", na zoezi lote ni kumwaga uzito toka mguu uliojaa mpaka ule mtupu, kama mtu anayemwaga mafuta toka chupa mpaka chupa bila kupoteza tone. Mwili wa nje unatembea daima, hausimami hata mara moja. Lakini ndani, akili haikimbii. Haiwezi kukimbia, kwa sababu ukianza kufikiri deni lako la dukani, mguu unayumba mara moja.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2012 waganga wa Oregon, kule Marekani, walitoa matokeo ya kazi yao na watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kukaza mwili wa wazee. Waliwagawa katika vikundi vitatu: taichi, mazoezi ya kujenga nguvu, na mazoezi ya kujinyoosha. Kila kikundi kilifanya saa moja, mara mbili kwa juma, muda wa majuma 24. Watu wa taichi walisimama vizuri kupita vikundi vingine viwili, na walianguka mara chache kuliko wale wa kujinyoosha. Wewe unayeishi na baba mzee nyumbani unajua kuanguka kwa mzee kunaleta nini.

Hiyo ni habari ya mwendo. Kimya ni kigumu zaidi kueleza, nataka tukae pale kidogo.

Kuna zoezi moja ambalo Wachina wanaliita kusimama kama nguzo. Wang Xiangzhai (1885–1963), fundi wa mchezo wa vita, ndiye aliyelifanya kuwa msingi wa mafundisho yake yote, mbele ya ngumi na mbele ya teke. Mwanafunzi anasimama, miguu imeachana kadiri ya mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele ya kifua kama mtu anayekumbatia mtungi mkubwa. Halafu? Halafu hakuna. Anasimama. Dakika ya kwanza anafikiri ni mchezo wa watoto. Dakika ya tatu mabega yanapanda kwa masikio. Dakika ya tano miguu inatetemeka, na anaanza kusikia mambo ambayo hajapata kusikia: pahali meno yamekazana, pahali tumbo limefungwa, bega moja liko juu kuliko lingine. Kazi yake ni kulegeza kila kisichohitajika, na kushika tu kile kinachomzuia kuanguka. Nje ni nguzo, ndani ni nyungu ya maharagi.

Kijana anayeinua vyuma anaweza kusema hiyo si nguvu. Mwambieni asimame hivyo dakika kumi, kiisha tutaongea naye.

Nyingine tena ni kimya cha kukaa na kulala. Hapa kuna hadisi inayogusa sisi watu wa migodi. Kaskazini ya China uko mji wa Tangshan, mji wa makaa ya mawe toka karne ya 19. Huko, katika miaka ya 1950, Liu Guizhen (1920–1983) alianzisha nyumba ya kuponyesha watu kwa chigongu. Yeye mwenyewe alikuwa ameugua kidonda cha tumbo, akarudishwa kwao, na mzee mmoja wa kijijini akamfundisha kulala au kukaa kimya na kuongoza pumzi ndani ya tumbo huku akisema maneno machache katika moyo, bila sauti. Alipona, na serikali ikasikia. Jina chigongu, namna linavyotumika leo kwa mazoezi haya yote, lilipata nguvu toka kazi yake. Lakini angalia: hata Liu, mtu wa kimya, hakuwaacha wagonjwa wake wakilala tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 aliweka pia mazoezi ya kujisugua macho, masikio, mabega, kiuno na miguu. Alijua kimya peke yake kinaweza kumwoza mtu.

Na hapa, wapendwa, inafaa nitoe onyo, juu ya watu walioumia kwelikweli.

Katika miaka ya 1980 na 1990 chigongu iliwaka China nzima kama moto wa kiangazi. Watu kwa mamilioni waliingia. Walimu wengine walianza kujisifu kwamba nguvu zinatoka ku mikono yao na kuponyesha mtu aliye mbali, na watu wakajaa katika vyumba vikubwa kuwasikiliza. Wagonjwa wengine wakatupa dawa zao. Wengine walikaa kimya saa nyingi kila siku, wakikaza pumzi, wakitafuta maono, mpaka wakaanza kusikia sauti na kushindwa kulala, na jamaa wakawapeleka hospitali. Wachina wenyewe walikuwa na neno la kale kwa shida hiyo: moto umekimbia njia yake. Waganga wa akili wa Marekani waliiandika katika kitabu chao kikubwa cha magonjwa ya akili cha mwaka 1994. Nyuma ya vurugu ile, mwaka 2003, idara ya michezo ya China ilitoa mafungu manne ya mazoezi yaliyopangwa upya, kati yake Nyama Watano na Vipande Vinane vya Hariri. Mafungu yote manne ni ya mwendo, na kimya kimewekwa ndani yake kwa kipimo.

Unaona sababu? Akili isiyo na kazi, ndani ya mwili usiotembea, inajitengenezea kazi yake. Ndiyo maana ushauri wangu uko wazi: anza na mwendo, kimya kifuate nyuma. Mtu aliyefiwa juzi, mtu asiyelala usiku, mtu aliyewahi kuugua akili, asikae peke yake katika chumba saa nzima kufunga macho. Huyu atembee, apige jembe, afanye mazoezi ya polepole pamoja na wengine, macho wazi.

Onyo la pili ni juu ya mavumbi. Mavumbi ya mawe yakiisha kuingia katika mapafu na kufanya makovu, hakuna zoezi la China wala la pahali pengine linaloyatoa. Kupumua polepole kunaweza kumsaidia mgonjwa asihangaike sana anapopanda ngazi, ni vizuri, lakini hakuwezi kushika pahali pa maski, pa maji ya kunyunyiza ku kariere, wala pa picha ya mapafu kwa munganga. Kama mtu anakuuzia mafunzo na kusema yatasafisha kifua cha mtoto wako anayechimba, ficha pesa zako.

Sasa wengine wananingoja ku ulizo lingine: Mkristo aweza kufanya mambo haya? Nitajibu kwa kifupi. Ni kweli watawa wa dini za China walitumia mazoezi haya katika nyumba zao, na maelezo mengine yamechanganyika na mafundisho yao. Ni kweli pia kwamba mafungu ya mwaka 2003 yalipangwa na ofisi ya michezo ya serikali ambayo haina dini yoyote. Neno lao chi maana yake ya kila siku ni hewa, mvuke, pumzi. Waganga wao wa zamani walijenga juu yake elimu nzima ya nguvu zinazopita ndani ya mwili, na hiyo mtu anaweza kuiacha pembeni. Goti linakunjika kwa Mchina na kwa Mukongomani namna moja. Lakini kama mwalimu anaanza kukuomba uchome ubani mbele ya sanamu au umtii yeye kama mungu mdogo, umeisha kutoka katika jimnastiki, chukua kofia yako.

Tuingie ku kazi yenyewe. Chukueni zoezi la kwanza la Vipande Vinane vya Hariri, ambalo jina lake linasema juu ya kuinua mbingu kwa mikono miwili. Simama kwanza kama nguzo, dakika moja au mbili, pumzi itulie. Shikanisha vidole mbele ya tumbo, viganja juu. Pandisha mikono polepole ukivuta hewa kwa pua. Ikifika kifuani, geuza viganja viangalie juu, endelea mpaka mikono inyooke juu ya kichwa. Sasa simama pale. Usifunge pumzi, usikaze shingo, nyosha tu kidogo kama mtu anayetaka kugusa dari, ukihesabu mbili. Kiisha achilia mikono ishuke pande mbili, pumzi itoke, magoti yalegee. Rudia mara sita.

Watu wengi wanaharibu pahali pamoja tu, pale juu. Wanafika na kushuka mara moja, kama kamyo inayomwaga mawe. Kumbe ile hesabu ya mbili ndiyo inayotenganisha zoezi hili na jimnastiki ya shule. Na mambo yote nane yamejengwa hivyo: unaenda, unakaa kidogo, unarudi. Robo ya saa inatosha kwa yote.

Nani afanye nini zaidi? Yule anayetoka ku posti na mwili umechoka asianze kuruka. Afanye mara chache, polepole, kiisha asimame kama nguzo dakika tano, mabega yashuke, ndipo aende kuoga na kula bukari yake. Atalala vizuri kuliko yule anayeanguka na viatu. Dereva, fundi wa nguo na mtu wa ofisi wafanye kinyume: mwendo mrefu, kimya kifupi. Mama aliyetembea siku nzima kati ya soko na kisima haombi mwendo mwingine, mpeni ile dakika tano ya kusimama au kukaa, na mtu mwingine ashike mtoto. Vijana wafanye yote mawili, na wasiruke kile cha kimya kwa sababu hakionekani ku picha.

Kichwa kikizunguka, kifua kikibana, au masikio yakianza kulia, acha palepale na tembea. Goti likiuma, simama juu zaidi, usikunje sana. Mwenye tumbo lililojaa angoje kwanza saa moja.

Na ukimaliza, usikimbie mara moja ku simu au ku kelele za watoto. Wachina wana desturi ya kufunga zoezi sawa vile mtu anavyofunga mlango: wanasugua viganja mpaka vipate joto, wanapangusa uso toka paji mpaka kidevu, wanaweka mikono juu ya tumbo na kuvuta pumzi tatu za kawaida, kisha wanatembea hatua chache mu lupango.